Mke wangu hataki nirudi chuoni

Shangazi, hujambo? Nina umri wa miaka 37 na ninaishi mtaani Umoja, Nairobi. Nilihitimu shahada ya kwanza mwaka 2011, kisha nikaenda kutafuta: nimekuwa mlinzi Doha, mhudumu wa hoteli Zanzibar na dereva wa lori hadi Juba. Nilirejea mwaka jana na sasa ninafanya vibarua. Nimeamua kusomea shahada ya uzamili, lakini mke wangu, ambaye anauza mitumba Gikomba, amepinga. Nilipomweleza aliniuliza tu, "Utamaliza lini?" kisha akaingia jikoni. Juzi amenitaka hata nishushe sanduku langu la safari juu ya kabati apate pa kuwekea nguo zake za biashara. Nahisi anaogopa nitamzidi elimu. Nifanyeje?

Sijambo, mwanangu. Pole kwa mashaka uliyo nayo, na pole hiyo naomba ikutoshe, kwa sababu nyingine nimemwekea mkeo.

Barua yako nimeifupisha, maana wasomaji hawana haja ya kusimuliwa joto la Doha. Hata hivyo, katika urefu wake wote sikuona mahali ulipotaja unataka kusomea nini, katika chuo gani, wala karo itatoka wapi. Nchi umezitaja zote, na miji pia, ila kozi hukuitaja. Unasema mkeo amepinga, lakini kwa maelezo yako mwenyewe alichofanya ni kuuliza swali moja, nawe hukumjibu. Tangu lini swali likawa pingamizi?

Mkeo hushinda Gikomba. Mwanamke anayefungua robota alfajiri, akitenga nguo bora ziitwazo kamera na masalio yaitwayo fagia, anajua hasara ya kununua kitu kabla ya kukiona. Wewe umemletea robota lililofungwa, ukamtaka alipe na ashangilie. Kuhusu hofu ya kuzidiwa elimu, mwanangu, shahada yako ya kwanza imekuwa humo nyumbani miaka yote hii na haikumtisha. Kodi ya nyumba ya mwaka jana, ulipokuwa ukihangaika na vibarua, ililipwa na nani? Hukuandika, nami nimekisia.

Siku hizi wanandoa wengi wameacha kushauriana, wanaarifiana tu. Mume hukata shauri akiwa ndani ya matatu, akafika nyumbani kulitangaza kama taarifa ya habari, na mke akiuliza jambo huitwa mpinzani wa maendeleo. (Wake nao hufanya hivyo, nitawafikia siku nyingine.)

Sasa turudi kwenye swali lake, kwa kuwa linajibika. Uzamili katika vyuo vyetu kwa kawaida hupangiwa miaka miwili: mwaka wa masomo ya darasani, ambayo aghalabu hufundishwa jioni au wikendi kwa ajili ya watu wenye kazi, kisha mwaka wa utafiti. Hapo kwenye utafiti ndipo wengi hukwama. Utaandika pendekezo na kulitetea, utaomba kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, utakusanya data, utamsubiri msimamizi asome sura ya pili na kukurudishia ikiwa imejaa wino mwekundu, nawe utaanza upya bila mtu wa kukusimamia kila asubuhi kama msimamizi wa kibarua. Mtu aliyezoea kufunga virago kazi inapochosha atakuwa na mtihani mkubwa hapo, na nadhani mkeo aliliona hilo kabla yangu. HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, huwakopesha hata wanafunzi wa uzamili, lakini mkopo huo hulipwa na riba juu yake, kwa hiyo usimwambie kwamba umepata pesa za serikali.

Sisemi usisome. Dereva aliyepita Malaba na kukesha kwenye foleni ya Nimule, mpakani mwa Sudan Kusini, ana jambo la kuandika kuhusu uchukuzi na ugavi ambalo mhadhiri wake huenda amelisoma vitabuni tu, na ningekuwa wewe ningeanzia hapo badala ya kuchagua kozi kwa kufuata marafiki. Chukua daftari, andika kozi, karo ya kila muhula, jioni ambazo hutakuwepo, na mwezi unaotarajia kutetea tasnifu. Mpe alisome akiwa ameketi, mtoto amelala, na akikata kiasi fulani usinung'unike, kwani hesabu ndiyo kazi yake.

Na hilo sanduku, mwanangu, lishushe leo kabla hajarudi kutoka sokoni. Umekaa nyumbani mwaka mzima na bado liko tayari kwa safari, halafu unashangaa akikuuliza utamaliza lini.