Yosefu hakunukuliwa neno
Jibu la msomaji kwa swali la wiki, kutoka Magomeni, Dar es Salaam

Swali lilikuwa hili: kwa nini maandiko yanasema machache mno juu ya watu wakubwa wa dini, na wengine hata majina yao hayamo? Muulizaji alimtaja Yosefu, mume wa Maria. Mfano wake ni mzuri. Kanisa kuu la Wakatoliki hapa mjini, lile linaloitazama bandari, lina jina lake, na bado ukizipekua Injili zote nne hukuti sentensi hata moja iliyotoka kinywani mwake.

Kwanza tuhesabu, maana wengi hubishana jambo hili bila kuhesabu. Chukua itifaki ya Biblia (kitabu kinachoorodhesha maneno yake na mahali yalipo), au programu ya Biblia kwenye simu, utafute jina kwa tahajia zote. Biblia wanazosoma Waprotestanti wengi zina "Yusufu", Wakatoliki wamezoea "Yosefu". Ukiandika moja tu unaweza kuambiwa hayupo. Kisha watenge wenye jina hilo: yule aliyeuzwa Misri, yule wa Arimathaya aliyetoa kaburi, na huyu wa Nazareti. Ukibaki na huyu wa mwisho utaona kwamba Marko hamtaji kabisa. Katika 6:3 Yesu anaitwa seremala, mwana wa Maria. Yohana analo jina lake mara mbili, 1:45 na 6:42, na mara zote ni watu wanaomtambulisha Yesu kwa baba yake. Mathayo anampa sura mbili za mwanzo zenye ndoto nne (1:20, 2:13, 19 na 22). Ndoto ikija, Yosefu anaondoka na kutenda, wala hajibu kitu. Luka anakwenda naye hadi hekaluni, Yesu akiwa na miaka 12, na baada ya hapo linabaki jina tu. Nyaraka za Paulo hazina hata hilo jina.

Sababu iliyo kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kwamba sehemu kubwa ya Agano Jipya iliandikiwa watu waliokwisha kuzijua habari. Tazama Marko 15:21. Simoni Mkirene anashurutishwa kuubeba msalaba, na Marko anaongeza kwamba ndiye baba yao Aleksanda na Rufo. Aleksanda gani? Rufo yupi? Haelezi. Mtu huandika hivyo pale tu wasomaji wake wanapowafahamu vijana hao. Mwandishi anayejua kwamba msikilizaji anamfahamu mtu hapotezi wino kumweleza, na hasara tumeipata sisi tuliokuja baadaye.

Paulo anaonyesha jambo hilohilo kwa namna ya kushangaza zaidi. Karamu ya Mwisho anaisimulia mahali pamoja tu, 1 Wakorintho 11:23-26. Kwa nini hapo? Kwa sababu Wakorintho walikuwa wanakula vibaya: wenye nacho wanatangulia kula na kulewa, wasio nacho wanabaki na njaa. Ilibidi awakumbushe. Kama Wakorintho wangekuwa na adabu mezani, leo pangekuwa na msomi anayeandika kwamba Paulo hakuijua Karamu ya Mwisho. Orodha ya waliomwona Kristo baada ya kufufuka, sura ya 15 ya waraka huohuo, nayo imo kwa sababu baadhi ya Wakorintho walikuwa wanakana ufufuo wa wafu. Yaani wingi wa maneno hufuata ugomvi uliokuwepo, na jambo ambalo hakuna aliyeligombania linaweza kupita bila kuandikwa.

Kurani nayo ina namna yake ya jambo hili. Jina la Musa limo mara 136. La Mtume Muhammad (s.a.w.) limo mara 4: 3:144, 33:40, 47:2 na 48:29, ongeza "Ahmad" katika 61:6. Asiyejua atashangaa, lakini sababu iko wazi: yeye ndiye anayesemeshwa. "Sema", "Ewe Mtume". Unayezungumza naye ana kwa ana humtaji jina kila mara kama mtu aliye mbali. Uyatima wake umo katika aya moja fupi, 93:6. Habari za mama yake, Bi Amina, na za mlezi wake Halima, tunazozisikia kwenye maulidi, zimetoka katika sira (masimulizi ya maisha ya Mtume) na hadithi.

Kwa masahaba ndipo pana funzo zuri zaidi. Aliyetajwa kwa jina ni mmoja tu, Zayd, mtoto wa kulea wa Mtume, katika 33:37. Abu Bakr anaguswa katika 9:40 kama mwenzake Mtume pangoni, bila jina. Bi Khadija, mke wa kwanza wa Mtume, hatajwi. Je, kuna Mwislamu atakayesema Zayd alimzidi cheo Abu Bakr? Zayd ametajwa kwa sababu aya inafundisha hukumu, kwamba mke aliyeachwa na mtoto wa kulea si haramu kwa mlezi, na kisa chenyewe kilimhusu yeye. Na mwanamke pekee mwenye jina ndani ya Kurani ni Maryam, ambaye jina lake limo mara nyingi kuliko katika Agano Jipya lote. Kurani yenyewe inakiri kimya hiki katika 40:78: wako mitume waliosimuliwa na wako wasiosimuliwa.

Upo pia ukimya unaotokana na shabaha ya kitabu. Nabii Yeremia ana kitabu cha sura 52, alikuwa Yerusalemu mji ukielekea kuanguka, na 2 Wafalme, kinachosimulia anguko hilohilo, hakimtaji. (Yeremia wa Libna aliyemo humo ni mtu mwingine, wengi hunasa hapo.) Mfalme Yosia alipotaka neno la Bwana, kitabu kinatuambia wajumbe walikwenda kwa Hulda, nabii mwanamke. Mfalme Omri, aliyejenga Samaria na ambaye Waashuru waliendelea kuuita ufalme ule nyumba ya Omri, utawala wake umepewa aya sita, 1 Wafalme 16:23-28, kwa sababu mwandishi alikuwa anapima wafalme kwa ibada, hakuwa anaandika historia ya siasa.

Wengine husema gombo lilikuwa ghali na nafasi finyu. Ni kweli, ila siupi uzito mkubwa. Mathayo alipata nafasi ya kuorodhesha ukoo wa Yesu, vizazi 14 mara tatu.

Makosa hutokea pale watu wanapoziba pengo. Yoakimu na Ana, wazazi wa Maria, hawamo katika Biblia; wamo katika maandishi ya karne ya 2 yanayoitwa Injili ya Awali ya Yakobo, na humo ndimo alimotoka Yosefu mzee, mjane mwenye watoto. Kuyasoma si dhambi, mradi mtu asiyanukuu kana kwamba ni Injili ya Luka. Kosa baya zaidi ni kuunganisha watu. Mwaka 591 Papa Gregori wa Kwanza katika mahubiri alimfanya Maria Magdalena, Maria wa Bethania na yule mwanamke mwenye dhambi wa Luka 7 kuwa mtu mmoja. Luka 8:2 inasema tu kwamba Magdalena alitokwa na pepo saba. Kalenda ya Kanisa ilirekebishwa mwaka 1969, lakini mpaka leo utasikia akiitwa kahaba mimbarani.

Basi ukimya una maana lini? Jiulize kama mwandishi angelijua jambo lile, kama lingemfaa kulisema, na kama alifika mahali ambapo kulinyamazia ni ajabu. Yote matatu yakikubali, ukimya huo una uzito. Yohana 19:26-27, Yesu msalabani anamkabidhi mama yake kwa mwanafunzi. Kama mumewe alikuwa hai, kwa nini akabidhiwe mwingine? Ndiyo maana wengi wanaona Yosefu alikuwa amekwisha kufa. Hakuna aya inayosema hivyo, ila mahali penyewe panadai jina lake na halipo.

Hata aya chache alizo nazo husema mengi zikisomwa polepole. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa "seremala" lilimhusu fundi wa ujenzi pia, wa mbao na hata mawe, kwa hiyo si lazima umfikirie kama wale wa samani wa Keko. Na mfuko wake unaweza kuupima. Walawi 12 inataka mwanakondoo kwa utakaso wa mama aliyejifungua, na aya ya 8 inamruhusu asiyemudu kuleta ndege wawili. Luka 2:24 haisemi kwamba nyumba ile ilikuwa maskini. Inataja ndege.