Kupima umbali kati ya lugha na lahaja

Ndugu muulizaji, umetaka kujua kama ipo asilimia ya maneno yanayofanana ambayo, ikishavukwa, lugha mbili huhesabiwa kuwa lahaja za lugha moja. Mpaka wa namna hiyo unaokubaliwa na wote haupo, na mara nyingi siasa ndiyo huuchora: wasemaji wa Kiserbia na wa Kikroatia huelewana bila mkalimani, lakini rasmi hizo ni lugha mbili.

Umbali wenyewe, hata hivyo, hupimika. Orodha ya mwanaisimu Morris Swadesh ya maneno 100 ya msingi itakuonyesha maneno yenye asili moja, ila haisemi lolote kuhusu matamshi, na kwa lahaja jirani huwa butu mno. Kwa upimaji huu ningechagua kipimo cha mwanahisabati Vladimir Levenshtein cha mwaka 1965, kinachohesabu idadi ndogo kabisa ya alama za kuongeza, kufuta au kubadilisha ili neno moja liwe jingine. Gawanya idadi hiyo kwa urefu wa neno lililo refu zaidi, kisha tafuta wastani wa orodha nzima. Maneno yaandikwe kwa alama za kifonetiki, yaani zinazoonyesha matamshi halisi, kwa maana tahajia hudanganya (Kifaransa, chenye herufi nyingi zisizotamkwa, ni shahidi).

Ukiweza, wapime pia wasikilizaji wenyewe. Kwa kawaida Wareno huelewa Kihispania kuliko Wahispania wanavyoelewa Kireno, tofauti ambayo kipimo cha Levenshtein, kinachotoa namba ileile ukianzia upande wowote, hakiwezi kuionyesha.