Jibu: Akaunti mbili za klasi moja kutumia orodha moja ya miamala

Ndugu, umeuliza kwa nini akaunti mbili ulizounda kutokana na klasi moja (kiolezo cha kuundia vitu) ya Python, lugha ya kuandikia programu, zinaonyesha miamala ileile, ilhali salio la kila moja liko sahihi. Uliandika miamala = [] ndani ya klasi lakini nje ya __init__ (sehemu inayoendeshwa kila akaunti mpya inapoundwa), kwa hiyo orodha hiyo ni mali ya klasi yenyewe, na objekti zote (vitu vilivyoundwa kutokana na klasi hiyo, hapa akaunti zako) huitumia kwa pamoja. Salio halikuchanganyika kwa sababu self.salio += kiasi huipa objekti husika salio lake, wakati append, amri ya kuongeza kitu mwishoni mwa orodha, huongeza kwenye orodha ileile iliyopo. Andika self.miamala = [] ndani ya __init__, ili kila akaunti ipate orodha yake. Mambo ya urithi (klasi moja kuchukua sifa za nyingine), nakusihi, yaache kwanza mpaka tofauti hii ikukae vizuri.