USIZINOE HIZO PICHA! (Photoshop CS6 kwenye skrini ya 4K)

Acha. Toa mkono kwenye hiyo laptopu kabla hujasoma mstari wa pili.

Umeandika kwamba umepata laptopu ya mtumba yenye skrini ya 4K, CS6, lile toleo la zamani la Photoshop ya kuhariri picha, ikafunguka na vitufe visivyosomeka, jamaa yako akakuwekea mpangilio vikawa vikubwa. Sasa picha za harusi zinaonekana zimepoteza makali, kwa hiyo leo usiku unataka kuzinoa zote kwa Unsharp Mask, kile kichujio cha Photoshop cha kuongeza makali, kesho zikachapwe. Mkuu, mimi hapo hapo ndipo nilipounguzwa.

Kwenye vitufe jamaa yako hajakosea. CS6 ni ya 2012, vitufe vyake inavichora kwa kuhesabu pikseli tu. Skrini yako ina 3840 kwa 2160, mara nne ya pikseli za 1920 kwa 1080, lazima viwe vidogo. Ukibofya kulia ikoni, ukaingia Properties, Compatibility, "Change high DPI settings", kisha ukachagua System, Windows inaidanganya CS6. Kama ukuzaji wa maandishi na vitufe uliowekwa kwenye Windows ni asilimia 200, CS6 inaambiwa skrini ni 1920 kwa 1080, inachora dirisha lake kwa ukubwa huo, halafu Windows inalivuta dirisha zima mpaka lijae. DIRISHA ZIMA. Menyu, vitufe, na bi harusi humo humo. Pikseli moja ya picha inatandazwa juu ya pikseli nne za skrini. Huo ndio ukungu unaouona. Faili lenyewe halijaguswa.

Fundi aliyeniwekea mimi, hapa hapa Mwanza mjini, aliniambia nini? "Sasa unavyoiona ndivyo itakavyotoka kwenye karatasi." Kwa sauti ya mtu aliyesomea. Akachukua hela yake akaondoka.

Kazi ilikuwa albamu ya inchi 12 kwa 8. Picha zimepigwa Capri Point jioni, maharusi wamesimama juu ya miamba, ziwa nyuma yao. Kila picha pikseli 3600 kwa 2400, yaani 300 kwa kila inchi, hazikuwa na kasoro yoyote. Lakini mimi naona ukungu. Nikaongeza makali, naona bado. Nikaongeza tena, mpaka Amount (nguvu ya makali) ikafika 200 na Radius (upana wake) 3. Miamba ikatoka hadi chembe zake unazihesabu! Nikajipongeza mwenyewe chumbani. Nikarekodi Action, yaani hatua ambazo Photoshop inazirudia yenyewe, ikapita folda nzima, ikasevu juu ya JPEG zile zile. Kadi ya kamera nilishaifuta, kwa sababu mimi ni mtu mwenye mpangilio.

Albamu ikatoka. Suti ya bwana harusi ina mchirizi mweupe pembeni kama imechorwa kwa chaki. Kila kitundu cha ngozi kinaonekana. Mama mzazi wa bi harusi aliniuliza kama waliopigwa picha walipakwa majivu. Nikamwambia ndiyo staili ya sasa hivi. Hakucheka. Nilirudisha malipo yote, gharama za uchapaji zikabaki kwangu, na ukoo ule umeenea kuanzia Magu mpaka Sengerema. Harusi zilizopita mbali na mlango wangu tangu hapo, hesabu mwenyewe. Nilipomrudia fundi akasema monita yangu itakuwa feki. Feki ni yeye.

Kwa hiyo shika hili hata kama mengine yote utayatupa: USINOE PICHA UKIWA KWENYE SYSTEM. Panga albamu, andika majina, kata picha, fanya unachotaka, ila ukifika kwenye makali funga Photoshop, rudisha mpangilio kwenye Application, fungua upya, bonyeza Ctrl na 1 uione picha kwa asilimia 100. Vitufe vitarudi kuwa vidogo, vumilia dakika hizo. Angalia kope za bi harusi. Ukiziona moja moja, picha ni kali, funga uende ukalale. Kama inakuwa ndogo mno kwa macho yako, ikuze kwa zoom ya Photoshop yenyewe hadi 200, hapo angalau hakuna anayekuvutia dirisha.

Na ukikutana na uzi wa zamani unaokwambia uhariri registry (mipangilio ya ndani ya Windows) na kutengeneza faili la manifest ili vitufe vikue, upite tu. Hiyo tulikuwa tunaifanya kabla Windows 10 haijaletewa hili chaguo mwaka 2017, na dirisha lilikuwa linavutwa vile vile.

CorelDRAW, ile programu ya kuchora logo, ikikusumbua, ifanyie hivyo hivyo. Logo na maandishi ni vekta, yaani michoro ya mistari isiyotegemea pikseli, usiogope ukungu wa kwenye skrini. Ila picha ulizoziingiza ndani ya Corel ni pikseli, kwa hiyo rudi kwenye herufi kubwa hapo juu.

Wewe nijibu moja tu: zile JPEG za mwanzo umezinakili pembeni? Kama hujazinakili, anza na hilo, Action usiiguse.