Namba za CT pekee hazitoshi kuchorea nyonga bandia

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuchukua namba za HU (kipimo cha jinsi kila sehemu ya mwili inavyozuia eksirei) kwenye picha za CT za mgonjwa na kuziingiza moja kwa moja kwenye modeli ya kompyuta ya nyonga bandia inayotengenezwa kwa vipimo vya mtu mmoja. Unaweza, programu haitakukatalia. Mimi nilifanya hivyohivyo na ikanitokea puani.

Picha zilikuwa safi, vipande vya milimita 1, na fomula ya kugeuza HU kuwa msongamano nilikuwa nayo kutoka kazi ya nyuma, mashine ileile. Modeli ikasema mfupa wa paja ni imara. Nikachora shina nene (ile sehemu ya nyonga bandia inayoingia ndani ya fupa la paja) la aloi ya titani, likajaa vizuri kwenye mfereji wa mfupa, nikajipongeza. Siku ya ukaguzi mwenzangu akauliza swali moja tu: "Hii imepigwa kwa kilovolti ngapi?" yaani nguvu ya umeme ya mrija wa eksirei. Nikafungua taarifa za faili: 100. Fomula yangu ilitoka kwenye picha za 120. Kilovolti zikishuka, HU ya mfupa hupanda ingawa mfupa ni uleule. Maji yanabaki 0 na hewa -1000 kwa kuwa kipimo chenyewe kimejengwa juu ya hivyo viwili. Kinachohama ni madini ya mfupa.

Na kosa hilo halibaki dogo. Kwa uhusiano wa Carter na Hayes wa 1977, ugumu wa mfupa, yaani unavyokataa kupinda au kubonyea, hufuata msongamano kwa kipeo cha 3. Ukizidisha msongamano kwa asilimia 10, ugumu unazidi kwa asilimia 33. Hata ukitumia kipeo cha 2, bado ni 21.

Ndiyo maana nasisitiza fantomu: vijiti vyenye kiasi kinachojulikana cha haidroksiapatiti, madini kama ya mfupa, vinalazwa chini ya mgonjwa wakati wa kupiga picha. Unasoma HU ya kila kijiti, unapata mstari wako, na mstari huo ni wa picha hiyo tu. Kama mgonjwa alishapigwa bila fantomu, wapo wanaotumia hewa, mafuta na misuli yake mwenyewe kama vijiti. Si sawa na fantomu, ila ni afadhali kuliko fomula ya kuazima. Kipimo cha DXA, ile eksirei ya kawaida ya kupima uimara wa mifupa, hakitakusaidia hapa, kinaubana mfupa wote kuwa bapa na kukupa gramu kwa sentimita ya mraba, wakati wewe unataka kujua ndani kukoje, upande kwa upande.

Angalia pia gamba la mfupa, ile tabaka ngumu ya nje. Pale lilipo jembamba kuliko vokseli yako (kijichembe kimoja cha picha), namba inachanganyika na mafuta ya jirani, ambayo yako karibu na HU -100, na mfupa mzuri unaonekana dhaifu. Kama kuna chuma cha zamani ndani, usipoteze muda na michirizi yake kwenye picha. Pima nyonga ya upande wa pili kisha uigeuze kama kwenye kioo, mradi nayo ni nzima.

Sasa, msongamano wenyewe unaufanyia nini? Gamba la mfupa lina ugumu wa gigapaskali 15 hadi 20 hivi, aloi ya titani kama 110, kobalti-kromu zaidi ya 200. Chuma kigumu kinabeba sehemu kubwa ya mzigo, mfupa unakaa bure, na mfupa unaokaa bure huliwa, hasa juu upande wa ndani, karibu na shingo ya fupa la paja. Ramani ikionyesha mfupa wa juu bado una nguvu, mimi nafupisha shina na kuweka titani yenye vinyweleo huko juu ili mzigo uingie mapema. Ikionyesha mfupa huo umechoka, siulazimishi. Kwenye kikombe, kile kipande cha upande wa fupanyonga, ni rahisi zaidi: skrubu zielekee palipo na mfupa mzito.

Lile shina langu nene tulilitupa kabla halijachapwa kwenye printa ya 3D. Kabla hujachora chochote, weka hapa kilovolti, unene wa vipande na kichujio cha kuunda picha (mpangilio wa mashine unaoamua picha iwe laini au kali). Kichujio kikali nacho huchezea HU, na hicho ndicho watu husahau kutaja.