Muulize Fundi: C ipo, D haipo

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, natoa kopi na kuchapa mitihani ya shule za jirani. Laptopu yangu niliinunua ikiwa imetumika, diski yake ina sehemu moja tu, C. Mwezi uliopita iligoma kuwaka, fundi akanipigia Windows upya, mitihani ya shule tatu ikapotea yote. Nimeambiwa nigawe diski nipate sehemu ya pili, D. Nigaweje bila kufuta vilivyomo? C niiachie kiasi gani? Kompyuta itaongeza kasi? Na mbona diski inasoma gigabaiti 465 wakati muuzaji alisema 500, nimepigwa?
Mama Steshenari, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la kupigwa, maana hapa Ngamiani, Tanga, haipiti wiki sijaulizwa. Hujapigwa. Kiwandani gigabaiti moja ni baiti bilioni 1 kamili; Windows inahesabu baiti 1,073,741,824. Chukua bilioni 500 ugawanye kwa namba hiyo, utapata 465 na chenji kidogo. Kasi nayo haitaongezeka, anayekuambia hivyo anataka hela yako.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza hamishia nakala ya kila unachokihitaji kwenye eksitenali (diski ya nje), chaji betri ijae na waya uuache umechomekwa. Umeme wetu unaujua. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na X, uchague “Disk Management”. Utaiona diski imechorwa kama nyumba ya vyumba vilivyopangana. Pembeni ya C kuna vijichumba visivyo na herufi, kimoja mara nyingi ni cha megabaiti 100. Usiviguse. Ukikifuta hicho, asubuhi kompyuta haiwaki.

Bofya C kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua “Shrink Volume”. Hapo utaulizwa megabaiti, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa: unaandika kiasi cha kumega, si kitakachobaki. Ukitaka D ya gigabaiti 300, andika 307200. C itabaki na kama 165. Kipande ulichomega kitaonekana na mstari mweusi juu yake. Kibofye vilevile kulia, chagua “New Simple Volume”, fuata maelekezo, mfumo wa kupanga faili uuache NTFS. Windows ikikataa kumega kiasi hicho wakati nafasi ipo, kuna faili zisizohamishika zimekaa katikati ya njia, mara nyingi ile inayotunza kazi yako kompyuta inapolazwa. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi, andika powercfg /h off, kisha jaribu tena.

Usiibane C. Mwaka 2016 nilimgawia shemeji yangu C ya gigabaiti 40, nikajiona mjanja, D ikawa pana kama uwanja. Haukupita mwaka, masasisho ya Windows yakaijaza mpaka ikashindwa hata kufungua barua. Nikataka kuipanua, kumbe C hainyooshwi mpaka nafasi tupu iwe imegusana nayo upande wa kulia, na pale palikuwa na D. Ikabidi nihamishe vya D vyote, niifute, niipanue C, nitengeneze D nyingine. Siku nzima, na chai nilinunua mimi.

Lakini mwanangu, unaweza kuwa na D na mitihani ikapotea vilevile. Unapohifadhi faili kwenye Desktop au Documents, limekwenda C. Nimewaona wateja wenye D tupu kabisa, na maisha yao yote yako Desktop. Tengeneza folda D, kisha bofya Documents kwa kitufe cha kulia, ingia “Properties”, halafu “Location”, halafu “Move”, uielekeze huko. Desktop ifanyie hivyohivyo, kwenye folda yake nyingine.

Jingine ni fundi wako. Anapopiga Windows, ile orodha ya sehemu za diski haioneshi herufi C wala D, inaonesha namba na ukubwa. Mwenye haraka anafuta zote. Kwa hiyo D ipe jina, tuseme KAZI, uandike ukubwa wake kwenye karatasi uibandike chini ya laptopu, na umwambie fundi kwa mdomo wako: fomati C tu.

Yote haya yanakukinga na fundi, hayakukingi na diski kufa. C na D ni kama doti ya kanga ambayo haijakatwa: majina mawili, kitambaa kimoja, kikishika moto vinaungua vyote. Mitihani ya maandishi ni myepesi, flashi ya gigabaiti 8 inaibeba ya miaka. Kila Ijumaa kabla ya kufunga duka, nakili.

Na ile iliyopotea, kama bado unaitamani, usimege chochote kwanza. Ipeleke laptopu kwa mtu anayejua kurudisha faili, maana kila unachoandika sasa huenda kinakaa juu ya zile za zamani. Wakati unasubiri, wapigie walimu: uliowatumia kwa WhatsApp wanaweza kuwa bado wanayo kwenye simu zao.