Ukuta mweupe, uso mweusi

Bibi alivaa miwani yake, akaishika simu yangu kwa mikono miwili, akaitazama sekunde kama kumi hivi. Kisha akauliza: “Huyu ni nani? Mbona hana macho?”

Ilikuwa filamu fupi ya dakika nane kuhusu wasukaji wa ukili pale Bagamoyo, kazi yangu ya kwanza kushika kamera bila mkubwa wa kunielekeza. Nilimkalisha bibi barazani saa saba mchana, nyuma yake ukuta wa chokaa, mapajani mkeka alioanza kuusuka. Kwenye skrini ya kamera mambo yalikuwa safi: ukuta unang'aa, anga bluu. Uso ulikuwa na giza kidogo, lakini nikajisemea lile neno ambalo limezika kazi nyingi mjini hapa: “Tutarekebisha kwenye editi.”

Haikurekebishika. Nilifungua DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video na kusahihisha rangi, nikapandisha sehemu za giza, na uso ukatokea kweli, ila ukatokea na chenga. Chini ya macho, pale penye mikunjo mizuri ya uzee, palijaa vitone vinavyotembea kama siafu, na shavuni mabaka ya kijani na zambarau. Nikaweka programu ya kuondoa chenga, na bibi wa watu akageuka sanamu ya nta.

Tatizo halikuwa Resolve. Kamera yangu ilirekodi biti 8, yaani nyekundu, kijani na bluu kila moja ina ngazi 256 tu kutoka giza totoro hadi mwanga mkali. Kamera ya biti 10 ina ngazi 1,024. Mimi nilikuwa nimeshuti kwa logi, namna ya kurekodi picha iliyofifia ambayo inazitandaza ngazi hizo kwenye eneo pana la mwanga, kwa hiyo uso uliokaa gizani uliambulia ngazi chache mno. Kuuvuta juu ni sawa na kusukuma donge la chapati moja ulifanye chapati tano: linatoboka.

Na nani aliyeuweka gizani? Mita ya kamera, kwa ruhusa yangu. Mita haijui bibi ni nani. Inachukua kila kilichomo ndani ya fremu na kukivuta kuelekea kijivu cha katikati. Ukuta wa chokaa ulijaa nusu ya fremu, mita ikaona mwanga umezidi, ikapunguza, na aliyelipa gharama ni mwenye uso mweusi. Jambo hili lina historia ndefu kuliko kamera zetu za dijitali. Kwa miaka mingi maabara za picha zililinganisha rangi kwa kadi za Kodak zilizokuwa na sura ya mwanamke mzungu, maarufu kwa jina la Shirley. Ikishatoka sawa sura yake, kazi imekwisha. Ngozi nyingine zitajijua.

Kwa hiyo siku hizi napima uso kwanza, mengine baadaye. Nawasha ile milia ya zebra (mistari inayotokea kwenye skrini pale mwanga unapofika kiwango ulichoweka) au wevufomu (grafu ya ung'avu wa picha) kama kamera inayo, nasogea karibu na uso, naangalia sehemu yenye mwanga shavuni na kwenye paji la uso. Kwa ngozi nyeusi sana, kwenye picha ya kawaida isiyo logi, hulenga asilimia 40 hadi 50 ya ung'avu. Ukuta ukiungua, yaani ukizidiwa na mwanga hadi ukawa mweupe mtupu, na uungue kidogo. Lakini mara nyingi haulazimiki kuungua, maana unaweza kumhamisha mtu. Watu tunasahau kwamba binadamu ana miguu.

Nyumba za pwani zina taa kubwa ambayo hakuna duka linaikodisha: mlango. Mweke mtu hatua moja au mbili ndani ya nyumba, atazame nje. Mwanga wa anga unaingia laini, unamfunika uso mzima, na nyuma yake chumba kinakuwa giza. Ngozi nyeusi inapendeza kwa kung'aa zaidi kuliko kwa kumiminiwa mwanga. Inataka kitu kikubwa chenye mwanga cha kuakisi, iwe mlango, shuka jeupe lililoshikwa na wasaidizi wawili, au ukuta uleule wa chokaa ukiwa mbele yake badala ya nyuma. Mafuta kidogo usoni yanasaidia. Poda inaua.

Hapo pana mtego mmoja wa filta. Logi ya kamera yangu huanzia ISO 800, yaani wepesi mkubwa wa kuhisi mwanga. Chini ya jua la mchana, kwa shata ya 1/50 (kila fremu inapokea mwanga kwa moja ya hamsini ya sekunde) na tundu la lenzi lililofunguliwa f/4, unahitaji kupunguza mwanga kama stopu 8, na kila stopu inaukata nusu. Wengi wetu tunanunua ile filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) ya kuzungusha kwa kuwa ni moja na rahisi. Sasa, ile ni vioo viwili vya polaraiza, na polaraiza kazi yake ni kukata mwanga unaoakisiwa. Ukiizungusha unaweza ukafuta ule mng'ao wa shavuni bila kujua, uso ukabaki bapa kama karatasi. Ninazo filta mbili zisizozunguka, nimeshukuru.

Shata ya 1/50 nayo ina kisa chake. Kamera yangu nilinunua mtumba, ikaja imewekwa NTSC, mfumo wa video wa nchi kama Marekani zenye umeme wa hezi 60, fremu 30 kwa sekunde na shata 1/60. Nikashuti mahojiano dukani Kariakoo chini ya tyubulaiti. Nyumbani nikaona michirizi ya giza inapanda ukutani polepole, fremu baada ya fremu, kama mtu anavuta pazia. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa za namna ile hupepesa mara 100 kwa sekunde, na 1/60 haigawanyiki na mpigo huo. Weka PAL, mfumo wa nchi za hezi 50, fremu 25, shata 1/50 au 1/100, michirizi inakwisha. Taa za LED za bei poa zina wazimu wake, hizo jaribu kwanza sekunde thelathini uzitazame kabla hujamwita mgeni. Kuondoa michirizi kwa kompyuta kuna programu zake, ila bei yake ingenunua taa mbili nzuri.

Kwenye gredi, yaani kusahihisha na kupamba rangi, ushauri wangu ni mfupi: sawazisha kwanza, mapambo baadaye. Fungua vektaskopu, ile duara inayoonyesha rangi za picha zimeelekea wapi. Mle kuna mstari wa ngozi, na raha yake ni kwamba mweusi tii, maji ya kunde na mzungu wote huangukia karibu na mstari huohuo. Kinachotofautiana zaidi ni ung'avu na ujazo wa rangi. Uso ukihama kuelekea kijani, ni ile tyubulaiti. Halafu hizi LUT za bure, yaani mafaili ya rangi zilizopangwa tayari. Nyingi zimepimwa kwa sura zisizo zetu, na ukiibandika moja kwa nguvu yote utakuta umemchubua mtu. Nimeona filamu za harusi ambazo bwana harusi alichubuliwa na mhariri kuliko krimu yoyote ya sokoni. Ishushe hadi asilimia 30 uone, au iache.

Wapo wanaonijibu kwamba hata wakubwa wanategemea kompyuta. Ni kweli. Mwaka 2000 mpiga picha wa sinema Roger Deakins aligeuza majani mabichi ya Mississippi yakawa makavu ya manjano kwa gredi ya dijitali ya filamu nzima, “O Brother, Where Art Thou?”. Lakini yeye na wenzake walijua wanataka rangi gani kabla ya kushuti, na walishajaribu njia za kemikali kwanza. Hawakufika kwenye editi kutafuta nyuso zilizopotea.

Ukimaliza, tazama kazi yako kwenye simu ya bei ya chini, mchana, nje. Huko ndiko watazamaji walipo, kwenye daladala, skrini imepasuka. Ukipandisha mtandaoni, mgandamizo wa video unakula giza kwanza, kwa hiyo kivuli kilichopendeza kwenye monita yako kitafika kule kama dimbwi la lami. Mimi huacha vivuli juu kidogo kuliko macho yangu yanavyotaka.

Kwa bibi tulirudi baada ya wiki tatu, saa kumi jioni, tukamweka mlangoni pake na mkeka wake. Nilimpelekea simu tena. Aliitazama kwa muda, akacheka. “Haya, sasa huyu ni mimi,” akasema. Halafu akaisogeza karibu na macho. “Lakini mjukuu wangu, mbona kanga yangu mmeikata jina?”